Chuma cha Kushikia

Vumbi la ukuta unaotobolewa lina harufu yake, na harufu hiyo hunitia kichefuchefu mpaka leo. Wengine haiwasumbui. Juzi jirani yangu hapa Shinyanga mjini alinunua televisheni pana, akamwita fundi aje kuitundika, na watoto wake wakajazana sebuleni kutazama drili ikila ukuta, wakicheka vumbi lilipowatua nyweleni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo nachambua mchicha. Lilipoanza kupenya dirishani, ile saruji iliyopata moto, ule unyevu wa siku nyingi na chokaa, niliuacha mchicha ukaliwa na kuku, nikaenda kusimama barabarani na upindo wa kanga puani. Mume wangu anasema ni maringo. Sijawahi kumsimulia yote, ila ninyi nitawasimulia, nikiwaonya mapema kwamba kisa chenyewe kilitokea chooni, kwa hiyo aliye mezani na amalize kula kwanza.

Nilikulia kwenye kijiji cha wachimbaji, si mbali na Bugarama. Baba alikuwa mchimbaji mdogo, maana yake alichimba pale wakubwa walipoacha au walipokuwa bado hawajafika, na mara nyingi alirudi na vumbi tu. Nyumba yetu aliijenga mwenyewe kwa tofali za kuchoma, na lipu akaipiga kwa mchanga wa marudio. Marudio ni ule mchanga unaobaki mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea, baada ya mawe kusagwa kwenye karasha na kuoshwa dhahabu yake. Ulilundikana kila mahali kama vichuguu, laini, wa kijivu, wa bure, na nusu ya kijiji ilipiga lipu kwa mchanga huo. Ulikuwa mchanga mbaya. Haukushikana vizuri na saruji, ukiegemea ukuta unaondoka na unga mgongoni, na mvua zikikolea lipu ilivimba ikabanduka vipande. Mama alizoea kusema kwamba amejengewa nyumba ya andazi.

Katika nyumba hiyo ndimo alimoletwa bibi yangu, mama yake mama, baada ya kiharusi kumpooza upande wa kushoto. Hakuwa na mtoto mwingine aliye hai, na kule kwao hakukuwa na wa kumsongea ugali. Ninaposema aliletwa kwa mkwe wake, mliokulia Usukumani mmeshaelewa ugumu wake. Wengine niwaeleze kidogo. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huacha njia akasimama pembeni hadi mwenzake apite. Bibi akitaka kumwambia baba jambo, hata kama baba amekaa uani palepale, aliniambia mimi.

"Kabula, mwambie baba yako mbuzi wameingia kwenye mahindi."

Nami nageuka, namwambia baba ambaye amekwisha kusikia kila neno, naye ananijibu, "Mwambie bibi yako asante." Niliifurahia sana kazi hiyo. Nilijiona serikali.

Shida ni kwamba choo kilikuwa kimoja. Kilikuwa nyuma ya nyumba, tofali zilezile na lipu ileile, mlango wa bati, na sakafu ya zege yenye tundu katikati. Kilinuka. Inzi wake walikuwa wale wakubwa wa kijani wanaopiga kelele, na ukutani palikuwa na alama za maji zilizopanda mpaka kiunoni, za rangi ambayo sitaieleza. Mtu aliyepooza upande mmoja kuchuchumaa anaweza, kuinuka ndiko kazi. Muda mfupi baada ya kufika, bibi aliteleza mle akapiga kelele. Aliyesikia wa kwanza ni baba. Alikimbia hadi mlangoni, hapo akasimama kama aliyegonga ukuta, akajifunika macho kwa kiganja, akaanza kumwita mama kwa sauti ya kulia. Mama akaenda akamwinua. Bibi hakuwa ameumia popote, lakini jioni hiyo hakutoka kula. Alisema mkwe wake ameisikia sauti yake kutoka chooni, na kwamba afadhali ardhi ingempasukia akaingia.

Ndipo mama alipoamua kwamba kifungwe chuma cha kushikia. Alilisema mbele ya baba bila kuzunguka. "Mimi nashinda gulioni. Siku nisipokuwepo, mama yangu asije akahitaji mkono wa mkwe wake." Baba hakubisha. Haki yake nimpe, alikubali mara moja, na bomba la chuma alilitafuta mwenyewe kwa wauza vyuma chakavu, akapeleka likachomelewe kibati chenye matundu kila ncha.

Fundi aliyekuja kulifunga aliitwa Magembe, na mimi nilimchukia kabla hajafungua mfuko wake. Alikuwa na ugoro chini ya mdomo muda wote. Akizungumza, mate ya kahawia yalimchungulia pembeni, akayarudisha ndani kwa ulimi. Alileta fisha za kupiga nyundo. Huenda mnazifahamu: ni kijiti cha plastiki chenye kofia, na ndani yake umesimama msumari wenye mikato. Unatoboa tundu, unapitisha fisha kwenye kibati mpaka ndani ya ukuta, kisha huhitaji bisibisi wala kuzungusha chochote. Unapiga nyundo tu, na msumari unavyozama unaitanua plastiki, plastiki inaung'ang'ania ukuta. Umeme chooni hatukuwa nao, kwa hiyo Magembe alitoboa kwa tindo na nyundo, akipiga na kuizungusha tindo, akipiga na kuizungusha, na vumbi likimwagika chini kwenye zege iliyolowa.

Tundu likifika alipotaka, alichomeka mrija wa biki ndani yake, mwisho mwingine akautia mdomoni, akapuliza. Vumbi lilimrudia lote usoni. Akakohoa, akatema kahawia palepale sakafuni, akapuliza tena. Halafu, Mungu nisamehe, kila fisha aliitia kwanza mdomoni akaifyonza kama pipi ili iteleze, ndipo akaisukuma tunduni. Nilitazama mate yale ya ugoro yakichuruzika kutoka kwenye matundu mpaka kwenye chuma, nikafikiria mkono wa bibi utakaposhika. Aliniona ninavyokunja uso, akacheka.

"Mtoto huyu ana kinyaa, atakufa njaa," alimwambia baba. Kisha akagonga lipu kwa kifundo cha kidole. "Huu ukuta ulipinda, upande huu wamejaza lipu nene. Nimetoboa kwenda mbali mpaka nimeikuta tofali. Tofali ndiyo itashika. Lipu yako hii haishiki hata kalenda."

Baba aliitikia "ndiyo fundi" bila kumtazama. Alikuwa ametazama chini, kwenye kichuguu cha vumbi.

Kabla sijafika huko, niwaambie jinsi bibi alivyotoka chooni siku hiyo. Aliingia peke yake na fimbo yake, sisi wote tukijifanya tuna shughuli nyingine. Tulisikia chuma kikilia kidogo alipokishika. Baada ya muda akatoka, kanga imefungwa vizuri, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mkeka wake akaketi, akapumua. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Kabula," akasema, "mwambie baba yako Mungu ambariki." Baba akajibu kwamba nimwambie bibi ni wajibu wake. Na mimi nilimpenda baba siku hiyo, nadhani kuliko siku nyingine yoyote.

Vumbi baba alilizoa kwa gazeti. Alilizoa lote, pamoja na mate ya Magembe, pamoja na ule ukoga wa sakafuni, akalipeleka nyuma ya banda la mbuzi. Siku zile wanunuzi walikuwa wameanza kuzunguka vijijini wakitafuta marudio ya zamani, wakisema karasha za zamani zilikuwa hovyo na dhahabu nyingi ilibaki mchangani. Kila mchimbaji alikuwa na habari hiyo kichwani. Baba alichukua karai la bati, lile ambalo mama alikandia unga wa maandazi, akamwaga vumbi, akatia maji, akaanza kulizungusha. Mchanga ukatoka kidogo kidogo juu ya ukingo. Akaniita nione. Mimi niliona maji ya kijivu na kitumbaku kinaelea. Baba aliona kamstari kembamba ka njano kwenye mkunjo wa karai, na akaniambia nisimwambie mama.

Kukwangua ukuta wa mbele asingeweza. Kijiji kizima kingeona, na kesho yake angekuta watu wanakwangua nyumba yake pamoja naye. Lakini choo kina mlango, na lipu nene ilikuwa upande mmoja tu, upande aliofunga Magembe chuma cha bibi. Tena vile vibati vya chuma vilifunika vizuri. Baba aliing'oa misumari, akasogeza chuma pembeni, akakomba ukuta nyuma ya vibati na kuvizunguka mpaka ndani ya tofali zenyewe, kwa sababu tofali nazo zilijengewa udongo wa marudio. Kisha akajaza tope lililochanganywa na majivu, akarudisha fisha zilezile, akazipiga nyundo polepole, akapaka chokaa juu. Methali aliyoipenda ilikuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa kweli ufa aliuziba. Kwa macho huwezi kujua.

Ili apate muda wa kukaa mle, alitangaza kwamba tumbo linamwendesha. Asubuhi anaingia chooni na ndoo iliyofunikwa gazeti, anakaa mpaka jua linapanda. Mama, masikini, alimchemshia majani ya mpera, machungu, kikombe kizima, na baba akayanywa yote huku akikunja uso ili uongo uendelee. Alipofunga choo kweli kwa sababu ya dawa ile, hakuthubutu kulalamika. Mimi nilijua, na nilicheka peke yangu nyuma ya nyumba. Sikucheka nilipomwona bibi. Alikuwa akikaa kwenye mkeka, fimbo mkononi, akiutazama ule mlango wa bati uliofungwa. Kwa mtu mwingine angebisha hodi. Kwa mkwe wake hata kusogea karibu asingeweza. Alisubiri, miguu ameibana, macho ameyatupa mbali kwenye mahindi, na baba ndani anakwangua.

Dhahabu yenyewe aliisafishia jikoni mama akiwa gulioni. Alikuwa na zebaki kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Aliimimina kwenye matope ya choo, akayakanda kwa vidole vyake vitupu, akaikamua kwenye kipande cha kitambaa alichokata kutoka kwenye shuka langu, na lile donge dogo lililobaki akaliweka kwenye kijiko cha mboga, juu ya jiko la mkaa. Moshi wake mweupe ulitambaa hadi kwenye sufuria ya maharage ya jana. Kijiko kikabaki na doa. Usiku tulikulia kijiko hicho. Nilimwona mama akikisugua kwa majivu, akikitazama, akikisugua tena. Niliacha kula maharage, wakasema nadeka. Na mwisho wa yote hayo, baba alifungua kiganja kunionyesha punje iliyokuwa ndogo kuliko ulezi. "Nawatafutia ninyi," alisema, na kiganja chake kilinuka choo.

Siku ya siku mama alikuwa ameenda kuuza nyanya. Nilikuwa nimerudi shuleni, bado sare sijaivua, bibi akaniomba nimsindikize na kopo la maji. Alitembea taratibu kuliko kawaida. Mlangoni alisimama kidogo, kisha akaingia, nami nikabaki nje na kopo, nikihesabu inzi juu ya bati. Sikusikia kishindo nilichotarajia kwa mtu kuanguka. Nilisikia kitu kama gunzi linalovunjwa, halafu bomba likagonga zege likabingirika.

Nilifungua. Bibi alikuwa amelala ubavu, nusu juu ya sakafu, mguu mmoja umeingia tunduni, na kanga yake imempanda. Ukuta ulikuwa umeachama mdomo mweusi, na tope la majivu limemwagikia nywele zake. Kile chuma kilikuwa pembeni na vibati vyake, fisha zikining'inia humo zote, nzima kabisa, kila moja na donge lake la tope. Mkono wake mzima, ule wa kulia, ulikuwa umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjwi. Inzi walikwisha kufika. Kitu cha kwanza alichosema ni nimfunike. Cha pili, kwa sauti ya chini sana, "Usimwite baba yako."

Lakini nilikuwa mtoto, nikamwita. Baba alikuwa nyuma ya banda na karai lake. Alikuja mbio hadi karibu na mlango, akasimama, akageuza mgongo. Sawasawa na mara ya kwanza. "Siwezi kuingia humo," akasema, "ni mkwe wangu." Hilo nililielewa. Nikataka kumkimbilia Mama Shija, jirani yetu, aliyekuwa akitwanga uani kwake; mchi wake nilikuwa nausikia. Baba akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Usiite mtu. Utamwaibisha bibi yako. Mama yako yuko njiani."

Nikamwamini. Nikarudi ndani nikamtoa bibi mguu tunduni, mimi na umri wangu ule, nikivuta na kulia, na mguu ukatoka na vilivyokuwa vimeushika. Nilimfunika kwa sweta langu la shule. Nilikaa karibu naye nikifukuza inzi kwa daftari. Harufu ya tope lile, chokaa, mkojo wa miaka na vumbi bichi la ukuta, ndiyo hiyo ninayoikimbia mpaka leo. Na huku nje, baada ya kitambo, nikaanza kusikia maji. Shwaa, kimya, shwaa. Baba alikuwa amelileta karai lake karibu, labda ili asiwe mbali nasi, akachuchumaa ametupa mgongo kama heshima inavyotaka, na alikuwa anaosha.

Bibi naye alisikia. Alisikiliza muda mrefu. "Kabula," akasema mwishowe, "mwambie baba yako aendelee na kazi yake." Nikatoa kichwa mlangoni nikaufikisha ujumbe kama ulivyo, bila kuuongeza wala kuupunguza, kwa sababu ndiyo kazi niliyojua. Maji yakatulia kidogo. "Mwambie bibi yako asante," baba akajibu.

Halafu bibi akaniomba maji ya kunywa. Nilimwambia maji yaliyopo ni ya kopo la chooni. Akasema nimpe hayohayo. Nilimwinua kichwa, akanywa, mle ndani, na inzi juu ya midomo yake, na ile sakafu ikimlowesha mgongo. Akanywa kopo lote. Akasema nikaongeze. Nikaongeza, akanywa lile la pili mpaka yakamtoka puani, akapumzika, akanywa tena. Niligeuza uso. Nilimwonea kinyaa bibi yangu, sitaficha, nikajiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kutia kitu kinywani mahali kama pale.

Mama alirudi jua likiwa limeinama. Alitua beseni la nyanya, akaingia. Sikumsikia akipiga kelele. Alimtazama mama yake, akautazama ukuta, akaokota kile chuma, akalipekecha donge la tope kwenye fisha moja kwa kidole gumba mpaka likawa unga. Kisha akambeba mama yake mgongoni kama mtoto akamtoa, akamwogesha, akamlaza, akamfunga mkono kwa vipande vya kanga. Sasa ndipo Mama Shija alipoitwa, na mama mwenyewe ndiye aliyemwita, kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia.

Halafu akaliendea karai. Baba alikuwa bado amelishika. Mama alilichukua mikononi mwake bila kuvutana, akaingia nalo chooni, akalimwaga lote tunduni, mchanga, zebaki, kamstari na kila kitu. Baba akatoa ukelele ambao hakuutoa bibi alipoanguka. Akaingia mle mbio, mle alimosema hawezi kuingia, akapiga magoti palepale bibi alipokuwa amelala, akachungulia tunduni. Na kama mnadhani aliishia kuchungulia, basi hamjawahi kuishi na mtu aliyeshikwa na dhahabu. Kesho yake alifunga ndoo kwenye kamba. Alikuwa anachota na kuosha, anachota na kuosha, uani, mchana kweupe, na majirani wamesimama mbali na kanga puani. Hakuona aibu hata chembe. Tulimwacha hivyo. Mama alituchukua mimi na bibi, gari la nyanya likatupeleka Shinyanga hospitali, na tulipotoka hospitali hatukurudi.

Tulipanga chumba Ibadakuli. Mkono wa bibi uliunga umepinda, lakini uliunga. Mama kabla hajanunua kitanda alitafuta fundi, akamsimamia mpaka chuma kikafungwa kwenye nguzo ya zege, akaning'inia juu yake na uzito wake wote, na mtoto mgongoni mwake, mtoto huyo nikiwa mimi na miguu yangu mirefu. Bibi aliishi nasi miaka mingi. Baba alikuja mara moja moja, akipita mlangoni ametazama pembeni, heshima tele, na watu wa Ibadakuli walimsifu kwa adabu yake kwa mama mkwe.

Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa, kwamba hakunizuia kumwita Mama Shija kwa ajili ya aibu ya bibi. Alinizuia kwa ajili ya ukuta. Jirani angeingia, angeuona mchanga uliokombwa, angeelewa. Mila ya wazee wetu, iliyowekwa ili mama mkwe alindwe, baba aliivua ukutani akaitumia kama vile vibati, kufunikia shimo. Nilipolielewa nilikuwa msichana mkubwa, na kichefuchefu kilichonipata siku hiyo hakikuwa cha choo.

La pili nilichelewa zaidi. Bibi alikuwa amekwisha kufariki, mimi na mama tumekaa tunatoa mawe kwenye mchele, nikamsimulia kwa mara ya kwanza jinsi bibi alivyokunywa maji mle ndani na jinsi nilivyogeuza uso. Mama aliacha kuchambua.

"Alijua," akasema. "Chuma kilikuwa kinamcheza mkononi tangu baba yako alipoanza kuukomba ukuta. Chokaa mbichi ilimbaki vidoleni. Aliniambia mwenyewe tulipofika huku."

"Kwa nini hakusema?"

"Angesemaje? Kumshitaki mkwe wako, ndani ya nyumba yake, kwamba anakuchimbia ukuta wa choo? Angeambiwa arudi kwao. Akapunguza kwenda chooni."

Mama akaurudia mchele, nami nikabaki na hesabu yangu. Nikakumbuka chai iliyopoa pembeni ya mkeka kila asubuhi, kuku wakiinywa. Nikakumbuka uji aliouonja kwa ncha ya kijiko na kusema umemkinai, na maji aliyosukutua akatema, jua la kiangazi likiwa utosini, midomo ikimpasuka, nasi tukisema ni uzee. Mtu asiyekunywa hana haja ya choo, na asiye na haja ya choo hahitaji kushika chuma. Hivyo ndivyo alivyojilinda kwa siku zile zote ili asianguke akainuliwa na mkono wa mkwe. Alipoanguka hatimaye, lile aliloliogopa lilikuwa limekwisha kutokea, hakukuwa tena na cha kulinda. Bibi yangu alikuwa na kiu, akaomba maji.